Kati ya Kupona na Kuponywa

Kiswahili kinatenga kupona na kuponywa. Tofauti hiyo huwa tunaipita bila kuitazama, lakini inaweza kutuongoza katika ubishi mkubwa uliozunguka mazoezi ya Kichina yaitwayo Qigong. Anayeponywa ana mponyaji: mganga, daktari, mtume, kidonge. Anayepona hatajiwi mtu. Jambo limetokea ndani yake mwenyewe, kama jeraha linavyofunga au homa inavyoshuka alfajiri. Jina Qigong lina sehemu mbili. Ya kwanza, ambayo kwa sikio letu ni chi, ni pumzi, mvuke, hewa, na kwa upana zaidi ile nguvu inayosemekana kupita katika kila chenye uhai. Ya pili, gong, ni kazi, hasa ule ustadi usiopatikana ila kwa kazi ya muda mrefu. Watu wamegombana sana juu ya nusu ya kwanza: je, chi ipo? Inapimika? Ni umeme, ni roho, au ni ushirikina mtupu? Naona ugomvi huo umepiga kambi mahali pasipofaa. Uzito wa Qigong uko katika nusu ya pili. Anayeiondoa kazi akabaki na chi peke yake ameacha kupona akashika kuponywa, na hapo amepoteza kile ambacho mazoezi haya yana haki zaidi ya kukiahidi, yaani mtu kujitambua.

Kinachofanyika chenyewe ni cha kawaida kiasi cha kumkatisha mtu tamaa. Tuchukue mfululizo mmoja maarufu, Baduanjin, vipande vinane vya hariri, ambao maandishi ya Kichina yanautaja tangu karne ya 12, zama za utawala wa Song. Mtu anasimama, magoti yamelegea kidogo. Anainua mikono miwili kana kwamba anategemeza mbingu, kisha anaishusha. Anavuta upinde usioonekana, kushoto na kulia. Anageuza shingo kutazama nyuma. Mwishoni anajiinua kwa ncha za miguu na kudondosha visigino chini mara saba. Pumzi inafuata mkono, ndefu na laini, ikishuka mpaka tumboni. Robo saa inatosha. Jasho halitoki la kutajika, na mpita njia atadhani ni wazee wananyosha viungo. Kesho ni yale yale, na mwaka ujao ni yale yale.

Ukale wake si wa kubuni. Mwaka 1973, katika kaburi namba tatu la Mawangdui kwenye mji wa Changsha, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hariri iliyochorwa watu 44 katika mikao mbalimbali. Kaburi lilikuwa limefungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Waliochorwa ni wanaume na wanawake, vijana na wazee, wengine wamevaa kanzu na wengine vifua wazi. Kando ya baadhi yao limeandikwa jina la mnyama anayeigwa au la maradhi yanayokusudiwa. Mimi huvutiwa zaidi na kile ambacho hakimo mchoroni. Hamna mganga. Hakuna anayemshika mwenziwe wala kumwelekezea kiganja. Kila mmoja yuko na mwili wake. Tabibu Hua Tuo, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han na anayehusishwa na michezo ya wanyama watano, anasimuliwa katika historia za kale akimweleza mwanafunzi wake Wu Pu kwamba bawaba ya mlango haiozi kwa sababu haiachi kuzunguka. Ni maelezo ya fundi seremala zaidi kuliko ya kuhani.

Jina Qigong kwa maana ya leo ni changa kuliko mazoezi yenyewe, na limezaliwa katika siasa. Liu Guizhen alikuwa kada kijana wa Chama cha Kikomunisti katika jimbo la Hebei, mgonjwa wa vidonda vya tumbo na wa kukosa usingizi. Katika miaka ya mwisho ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alirudi kijijini, na huko mzee wa ukoo wake akamfundisha njia ya kukaa kimya, kuvuta pumzi na kurudia maneno fulani moyoni. Inasimuliwa kwamba alifanya hivyo kwa siku 102, akarudi kazini mzima. Wakubwa wake waliona faida mara moja, kwa kuwa nchi ilikuwa na wagonjwa wengi, madaktari wachache na dawa za shida. Mazoezi yakavuliwa mavazi ya dini. Maneno ya mafumbo yakabadilishwa yakawa maneno ya wazi kuhusu afya, miungu ikaondolewa, jina likachaguliwa, na katika miaka ya 1950 vikafunguliwa vituo vya tiba Tangshan na Beidaihe, huko ufukweni ambako vigogo wa chama walizoea kupumzikia. Mtu anaweza kuicheka operesheni hiyo ya kung'oa roho na kuacha mwili. Lakini itazameni kama jaribio ambalo hakuna aliyekusudia kulifanya. Itikadi ilitolewa, na wagonjwa wakaendelea kusema wanapata nafuu. Kilichobaki baada ya mafumbo kuondoka kilikuwa ni kukaa, kupumua, na kurudi kesho yake. Mapinduzi ya Utamaduni yalipokuja, hata hicho kilipigwa marufuku na Liu mwenyewe akashutumiwa, lakini hoja haikufa.

Hoja hiyo ilikaribia kuuawa na wapenzi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa Shanghai, Gu Hansen, alidai kwamba vyombo vyake vimenasa chi ikitoka katika kiganja cha bingwa. Qian Xuesen, baba wa makombora ya China, aliipa fani hiyo heshima ya jina lake. Katika muongo uliofuata mabingwa kama Yan Xin walijaza viwanja vya michezo, watu wakilia na kutetemeka kwa kuwa wameambiwa kwamba hotuba yenyewe inabeba nguvu. Angalieni kilichotokea kwa neno letu: gong imehama. Aliyefanya kazi ni bingwa. Aliyeketi kati ya watazamaji anapokea tu. Mwaka 1988 kamati ya Marekani ya wenye kushuku miujiza, James Randi akiwa miongoni mwao, ilikwenda China na kumweka bingwa mmoja chumba kimoja na mgonjwa wake chumba kingine. Mgonjwa alijinyonganyonga na kujipinda huku na huku, ila mienendo yake haikulingana na nyakati ambazo bingwa alikuwa akituma chi. Wengi huisoma habari hiyo kama ushahidi wa ulaghai, wakaishia hapo. Kwangu inasema zaidi. Mwili ule ulitikisika kweli, tena ulitikiswa na mwenyewe, kwa matarajio yake mwenyewe, naye akamsifu mtu wa chumba cha pili. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa mtu kutojijua. Yule aliyehesabu siku 102 angalau alijua ni nani aliyekuwa akipumua.

Mkumbo huo una mwisho unaojulikana. Mwezi Aprili 1999 wafuasi zaidi ya 10,000 wa kundi la Qigong liitwalo Falun Gong walikusanyika kimya kando ya makao ya viongozi Beijing, na miezi mitatu baadaye kundi likapigwa marufuku kwa mkono mkali sana, mkono ambao hoja yoyote dhidi ya mabingwa wa chi haiwezi kuuhalalisha. Mazoezi yenyewe yalikabidhiwa mamlaka ya michezo, ambayo mwaka 2003 ilitoa mifululizo minne iliyosanifiwa, Baduanjin ukiwa mmoja wao.

Sasa mwenye kushuku ana haki ya kuuliza: ukiondoa nguvu za kiganja, kimebaki nini zaidi ya mazoezi ya viungo? Kutembea kwenda sokoni si kungetosha? Swali hili limepata jibu la sehemu. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Chenchen Wang na wenzake kuhusu taichi, nduguye Qigong wa damu, kwa watu wazima 226 wenye fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima ambao dawa hazijaumudu vizuri. Taichi ililinganishwa na mazoezi ya kawaida ya kuchangamsha moyo, na nafuu yake ilikuwa sawa au zaidi. Lakini kuna jambo lingine ndani ya utafiti ule ambalo naliona zito kuliko ushindani huo. Waliofundishwa kwa wiki 24 walipata nafuu kubwa kuliko waliofundishwa kwa wiki 12, ilhali kuhudhuria mara mbili kwa wiki badala ya mara moja hakukuongeza faida ya maana. Dozi ya dawa haiendi hivyo. Hapa kuzidisha ndani ya wiki kulisaidia kidogo, na kuendelea kwa miezi kulisaidia sana. Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza lugha au kinanda. Nakiri kwamba tafiti za namna hii zina udhaifu mmoja usiotibika kwa urahisi: anayefanya mazoezi anajua kwamba anayafanya, basi matumaini yake hayawezi kufichwa kama yanavyofichwa kwa kidonge kisicho na dawa. Lakini matumaini matupu huwa na nguvu mwanzoni, kisha hupungua. Kitu kinachokua kadiri mwezi unavyopita kina uwezekano mdogo wa kuwa matumaini peke yake.

Kama ni kujifunza, basi kinachofunzwa ni nini? Wafundishaji husema: mwili unaanza kusikika. Dai hili nalo limepimwa, na matokeo ya kwanza hayakuwapendeza wahubiri wa kutafakari. Mwaka 2008 Sahib Khalsa na wenzake waliwataka watu waliozoea kutafakari kwa miaka mingi wahisi mapigo ya moyo wao bila kushika mshipa. Hawakuwapita watu wa kawaida, ingawa wao wenyewe walikuwa na imani kubwa na uwezo wao. Naupenda utafiti huu kwa sababu unamuumbua kila mmoja wetu anayefikiri kwamba kusema "najisikia" ni sawa na kujisikia. Ila mwaka 2017 Boris Bornemann na Tania Singer, katika mradi uliofanyika Ujerumani, waliwafuata watu waliofundishwa tangu mwanzo kwa miezi tisa, wakakuta uwezo wa kuhesabu mapigo ya moyo ukipanda polepole, huku ile hali ya mtu kushindwa kutaja hisia zake ikipungua. Hayakuwa mazoezi ya Qigong, na sitayalazimisha yawe. Yanaonyesha tu kwamba usikivu wa ndani unaweza kukua, kwamba hukua kwa miezi wala si kwa semina ya mwisho wa wiki, na kwamba anayesikia moyo wake vizuri zaidi anaanza pia kupata maneno ya kilichomo moyoni.

Pumzi ina nafasi ya pekee katika kazi hii, na sababu haina fumbo lolote. Kati ya shughuli zinazotuweka hai, pumzi inakwenda yenyewe tunapolala, lakini tukiiamuru inatii. Ini halitii hivyo. Moyo hautii ila kwa kuzungukwa. Pumzi ni mlango ulio wazi pande zote mbili, kati ya ninachokifanya na kinachonitokea. Anayesimama kila asubuhi akiirefusha bila kuilazimisha anajizoeza kukaa kizingitini hapo. Atagundua, kwa mfano, kwamba anabana pumzi kila anapowaza deni au mtu fulani. Amekuwa akiibana miaka mingi bila habari. Ugunduzi huo ni mdogo, lakini ni maarifa ya nafsi yasiyoweza kutolewa na mwingine, hata na bingwa wa mabingwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwapo. Lugha yetu ililijua jambo hili mapema: kupumzika kumetoka katika pumzi, na nafsi na nafasi zinashiriki mzizi ule ule wa Kiarabu ambao umezaa pia neno la pumzi. Tunapomwambia aliyechoka avute pumzi kwanza, hatumpi nasaha za kitabibu, lakini wala hatukosei.

Hapa mwenye dini atainua mkono, na pingamizi lake ni zito kuliko la mwenye kushuku. Mwislamu atauliza kama kuiamini nguvu inayopita katika vitu vyote si kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Mkristo atauliza kama utulivu huu hauchukui kiti cha Roho Mtakatifu. Sidhani inafaa kuwajibu kwa kusema kwamba dini zote ni moja; si moja, na anayesema hivyo kwa kawaida hajaishi ndani ya hata moja. Jibu langu linarudi kwenye zile nusu mbili za neno. Kama mwalimu anadai chi ni nguvu ya kuabudiwa, au kwamba yeye ndiye mfereji wake na lazima atiiwe, mwenye dini ana haki ya kuondoka, tena asigeuke nyuma. Lakini kazi ya pumzi na viungo haina itikadi iliyofungwa ndani yake. Wang Ziping, aliyezaliwa Cangzhou mwaka 1881, alikuwa Mwislamu wa kabila la Wahui, bingwa wa upanga na mieleka, na pia fundi wa kuunga mifupa. Mazoezi ya kujitibu aliyofundisha hayakumtoa msikitini. Na mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walionyesha, tena katika jarida hilo hilo la BMJ, kwamba kusali rozari kwa Kilatini kunashusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika na kuulinganisha mwendo wa moyo na wa damu, sawa na mantra ya yoga. Waliosali rozari hawakuwa wakifanya yoga bila kujua. Walikuwa na mapafu yale yale.

Katika jambo hili Kanisa Katoliki lilisema neno la busara mwaka 1989, katika barua juu ya kutafakari kwa Kikristo iliyotiwa saini na Kardinali Ratzinger. Barua inakubali kwamba mikao na pumzi vinaweza kuleta utulivu, pengine hata hisia za joto na mwanga, kisha inaonya kwamba kuzichukua hisia hizo kuwa ndizo faraja za Roho Mtakatifu ni kukosea. Naona onyo hilo linamfaa hata asiye na dini. Joto katika viganja ni damu imefika viganjani. Kujitambua kwa kweli kunaanza pale mtu anapokataa kukipa kinachomtokea jina kubwa kuliko kinavyostahili. Anayeita kila msisimko chi amefunga macho haraka kama yule anayeuita kila msisimko malaika.

Wachina wenyewe wanajua kwamba macho hayo yakifungwa sana mtu anaweza kupotea. Wana jina la kale kwa anayefanya mazoezi vibaya akaingiwa na moto na mashetani, na mwaka 1994 kitabu cha uainishaji wa maradhi ya akili cha Marekani kiliorodhesha kuchanganyikiwa kunakofuatana na Qigong miongoni mwa hali zinazofungamana na utamaduni. Hutokea kwa wachache. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili hapaswi kukaa saa nyingi peke yake akisikiliza sauti za ndani, na mwenye saratani anayeacha hospitali kwa sababu ya kiganja cha mtu amedhulumiwa. Msanii Guo Lin, aliyewatembeza wagonjwa wa saratani katika bustani za Beijing miaka ya 1970 akiwafundisha pumzi za mwendo, alikuwa mwenyewe amepita chini ya kisu cha madaktari. Kazi ya mwili na kazi ya daktari hazikuwa zimeachana katika maisha yake, na sioni kwa nini ziachane katika maisha ya yeyote.

Pingamizi la mwisho ni la zamani kuliko yote, na limetoka nyumbani kwa Qigong. Katika kitabu cha Zhuangzi wanatajwa watu wanaopuliza na kuvuta pumzi, wanaojining'iniza kama dubu na kujinyosha kama ndege ili waishi sana, na mwandishi hawasifu. Mwenye hekima, asema, hupata maisha marefu bila hayo yote. Ni kejeli inayouma, na kwa anayesimama kila asubuhi akihesabu miaka atakayoongezewa inauma kwa haki. Mtu aliyeshughulika na pumzi yake hadi akasahau watu wa nyumbani amejigeuza jela yenye hewa safi. Lakini kejeli inampiga anayetamani, wala haiipigi kazi yenyewe. Tuwatazame wagonjwa 195 wa Parkinson ambao Fuzhong Li na wenzake waliwagawa katika makundi matatu huko Marekani, wakatoa ripoti mwaka 2012: kundi moja taichi, moja mazoezi ya nguvu, moja kujinyosha tu, kwa wiki 24. Ugonjwa ule haurudi nyuma, na haukurudi nyuma kwa yeyote. Wa taichi walikuwa na mizani bora ya mwili kuliko makundi yote mawili, na walianguka mara chache kuliko wale wa kujinyosha. Hakuna aliyewaponya. Waliendelea kutetemeka, wakijua vizuri zaidi kidogo mguu uko wapi kabla haujateleza.